Tumbo la Sungura Halina Likizo

Sungura hawezi kutapika. Mbwa akila kitu kibaya hukirudisha uani mambo yakaisha, lakini sungura akishameza amemeza, na njia iliyobaki ni ya kwenda mbele tu. Huko mbele napo panatakiwa mwendo usiokatika, usiku na mchana, kwa kuwa tumbo lake limeumbwa kupokea chakula kidogo kidogo kila saa. Likisimama, gesi hujaa. Gesi ikijaa, sungura husikia maumivu na kuacha kula. Akiacha kula, tumbo huzidi kusimama. Ndiyo maana mnyama aliyekuwa anarukaruka Jumamosi jioni anaweza kuokotwa mkavu Jumatatu asubuhi, na mwenye banda akaanza kumtafuta jirani mwenye husuda.

Mara nyingi jirani hana kosa. Sungura wa kufugwa huuawa zaidi na hisani ya mwenye banda: kiporo cha ugali, kipande cha mkate, maganda ya viazi, kabichi iliyochakaa sokoni, pumba za kujaza sahani na karoti kutoka kwa watoto. Kila kimoja kina kasoro yake, lakini kasoro inayoviunganisha vyote ni kwamba vinashibisha upesi na kuchukua nafasi ya nyasi.

Nyasi ndizo chakula cha sungura. Wataalamu wanashauri asilimia 80 na zaidi ya anachokula kwa siku iwe nyasi, mbichi au kavu, na kipimo rahisi ni fungu lenye ukubwa wa mwili wake, asubuhi na jioni, liwepo muda wote bila kukosekana kizimbani. Ana meno 28, na yote hayaachi kuota maisha yake yote. Ya mbele huongezeka milimita 2 hadi 3 kwa wiki. Kinachoyapunguza ni kule kusaga majani magumu, taya likienda upande huu na upande ule kwa saa nyingi. Mkate na ugali havisagwi, vinamezwa. Matokeo yake magego huota ncha kali zinazochana ulimi na mashavu, ambazo huzioni hata ukimfungua mdomo. Utamwona tu anasogelea sahani, ananusa, anaondoka, kidevu kimelowa mate, nawe unasema huyu siku hizi anachagua chakula.

Karoti imeponzwa na katuni. Bugs Bunny alitokea kwenye sinema za Marekani mwaka 1940 akiwa na karoti mkononi, na vizazi vyote vilivyofuata vimeamini kwamba hicho ndicho chakula cha sungura. Mzizi wa karoti una sukari nyingi. Majani yake ya kijani, ambayo muuza genge huyakata na kuyatupa, ndiyo yanayomfaa zaidi. Mzizi mpe kipande cha kidole gumba, mara moja moja, kama unataka akuzoee mkono. Ndizi, embe na papai ni vivyo hivyo, na vidogo zaidi.

Ubaya wa sukari na wanga hauishii mdomoni. Ubaya mkubwa uko mbali zaidi ndani. Mwishoni mwa utumbo mwembamba sungura ana mfuko mkubwa, mkubwa kuliko hata tumbo lenyewe, uliojaa bakteria wanaochachusha nyuzi za majani. Bakteria hao wamezoea kazi moja. Ukiwashushia wanga wa ugali, wale wanaofaa hushindwa, wanaotoa sumu huzaliana, na sungura huharisha maji. Sungura wadogo walioachishwa kunyonya, wa wiki ya 4 hadi ya 8, ndio hupukutika zaidi, kwa sababu mfuko huo bado haujatulia. Mfugaji anayeona vitoto vimeachishwa na kuviongezea pumba ili vinenepe haraka anaviharakishia kitu kingine.

Mfuko huohuo una siri ambayo wengi wanaiona na kuiogopa. Sungura hutoa vinyesi vya aina mbili. Kuna zile gololi kavu za kahawia, zenye nyuzinyuzi ukizivunja, mia mbili au tatu kwa siku. Na kuna vidonge vidogo laini, vinavyong'aa, vilivyoshikamana, ambavyo huvitoa hasa wakati wa utulivu na kuvila papo hapo akivichukua kwa mdomo kutoka mkunduni. Kuvila huko hakuna uhusiano na njaa wala uchafu. Humo mna protini na vitamini za kundi B zilizotengenezwa na bakteria, na asipovila hudhoofu. Mganga wa mifugo wa Kifaransa, Morot, aliueleza mzunguko huu kitaalamu mwaka 1882. Ukivikuta vidonge hivyo vimelala sakafuni au vimeganda makalioni, usikimbilie dawa ya kuhara. Mara nyingi maana yake ni kwamba unamlisha vitu vyenye nguvu mno, au amenenepa hadi hajifikii. Punguza pumba, ongeza majani, ungoje siku chache.

Nikipita pembeni kidogo: Mambo ya Walawi, sura ya 11, inamtaja sungura kati ya wanyama wanaocheua lakini wasio na kwato zilizopasuka, na kwa hiyo najisi. Kwa sababu hiyo Wasabato hawamli, na Mashia Ithnaasheri nao hawamli kwa hukumu ya madhehebu yao, ilhali kwa Sunni ni halali. Anayefuga kwa ajili ya nyama Upareni au Mara, kwenye Wasabato wengi, afanye hesabu ya wateja kabla ya hesabu ya vizimba.

Turudi kwenye majani, maana hapa ndipo makosa ya kienyeji yanapojaa. Mabingobingo, nyasi za Rhodes, ukoka na majani ya mahindi machanga ni salama. Mchunga, lile gugu chungu lenye utomvu mweupe ambalo wengine hulila kama mboga, sungura huligombania. Kishona nguo kikiwa kichanga, kabla hakijatoa zile mbegu za kunasa kwenye suruali, nacho hukipenda. Majani ya mforosadi, mlonge na matembele ni mazuri kuchanganyia.

Matembele ni majani ya viazi vitamu. Majani ya viazi mviringo ni jambo jingine kabisa: yana sumu, pamoja na machipukizi na maganda yaliyogeuka kijani. Majani ya nyanya yamo katika ukoo huohuo. Mtoto akitumwa akalete majani ya viazi asipoambiwa ni viazi gani, ajali imeshatengenezwa. Majani ya mparachichi ni sumu, na tunda lake pia lisiingie kizimbani. Mbarika, mwoleanda wa mapambo na lantana ya uzioni, vyote hapana. Kisamvu kibichi, hasa cha muhogo mchungu, kina sianidi; kikinyauka vizuri hupungua makali, lakini kwa kuwa majani mengine yapo, sioni haja ya kubahatisha. Mlusina unawachanganya watu kwa sababu ng'ombe na mbuzi huula vizuri na una protini nyingi. Kwa sungura, ukizidi, manyoya hunyonyoka na uzazi huyumba kutokana na kemikali iitwayo mimosini. Tawi dogo ndani ya mchanganyiko halimdhuru. Mzigo mzima kila siku unamdhuru. Sukuma wiki na kabichi huleta gesi, basi ziwe jani moja mbili.

Kuna imani mbili kuhusu maji ambazo nimezisikia kila palipo na banda la sungura. Ya kwanza inasema majani yenye umande huua. Ina ukweli ndani yake, ila sababu inayotolewa si yenyewe. Umande peke yake haumdhuru mnyama ambaye porini hula alfajiri. Majani yaliyolowa yakifungwa kwenye kiroba na kuachwa hadi jioni hupata joto na kuanza kuchacha. Tia mkono katikati ya kiroba utalisikia joto hilo. Halafu majani yaliyokatwa chini kabisa, mahali mbwa, paka na sungura wengine wanapopita, hubeba matope na mayai ya vimelea. Kata juu ya kiganja kutoka ardhini, tandaza kwenye waya au kichanja kivulini, geuza, ulishe yakiwa yamenyauka. Wakati wa masika kazi hii huchosha, na ndiyo sababu hei, yaani nyasi zilizokaushwa, inafaa iwepo.

Imani ya pili ni kwamba sungura hanywi maji, kwa kuwa anayapata kwenye majani. Hii haina hata chembe. Sungura mzima huhitaji takriban mililita 50 hadi 150 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, na jike anayenyonyesha huhitaji zaidi ya hapo. Akikosa maji hupunguza kula, na tukishafika kwenye kupunguza kula tumerudi kwenye lile tumbo linalosimama. Tena anayelishwa hei na peleti za kiwandani bila maji yuko hatarini kuliko wote. Chupa ya kuning'iniza ni safi, ila chuchu yake huziba. Igonge kila asubuhi uone tone. Bakuli zito la udongo lisilopinduka ni zuri zaidi, alimradi lioshwe.

Hei yenyewe si bidhaa ya wazungu wala ya matajiri. Baada ya masika nyasi zikiwa zimeanza kuchanua lakini hazijakomaa mbegu, zinakatwa, zinatandazwa na kugeuzwa siku mbili tatu hadi zikauke huku rangi ya kijani ikibaki. Kasha la mbao lisilo na kitako, kamba mbili zimelazwa chini, nyasi zinajazwa na kushindiliwa kwa miguu, kamba zinafungwa, kasha linavutwa juu: umepata robota. Liwekwe juu ya vichanja, mbali na sakafu na mvua. Nyasi zilizonyeshewa zikaota ukungu hazirekebishiki kwa kuanikwa tena. Zitandaze chini ya migomba.

Ukungu unatufikisha kwenye pumba. Sumukuvu, ile inayotengenezwa na kuvu wa mahindi na karanga, haionekani wala hainuki. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki ya Kenya, na mwaka 2016 msiba wa aina hiyo ukapita Dodoma na Manyara. Sungura ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika upesi zaidi na sumukuvu. Ini huharibika kabla mwenyewe hajashtuka. Tatizo ni mazoea yetu: mahindi tuliyoyakataa kwa ugali tunasema basi ya mifugo. Mashudu ya karanga na alizeti yaliyokaa ghalani tangu msimu uliopita nayo yamo. Pumba zinazonata, zenye mabonge au harufu ya chumba kilichofungwa, zisinunuliwe hata kwa nusu bei. Zikiwa nzima, sungura mkubwa asiyezaa hatakiwi kuzidi gramu 25 hivi kwa kilo ya uzito wake kwa siku, ziwe pumba zilizochanganywa au peleti. Jike mwenye mimba kubwa au anayenyonyesha ndiye wa kuongezewa. Chakula cha kuku kisitumike kabisa: nyuzi ni chache, na baadhi huwekwa dawa za kuzuia koksidiosisi (ugonjwa wa vimelea vya utumbo) ambazo kuku huzimudu na sungura hufa nazo.

Joto la Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari ni adui wa aina yake. Sungura hutulia kwenye nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi. Zikipita 30 huanza kuhema, na hana jasho la kumpoza, joto hulitolea masikioni. Bati lililopigiliwa sentimita chache juu ya kichwa chake linageuza kizimba kuwa tanuri. Makuti ni bora, au bati liinuliwe na kufunikwa majani. Mchana wa joto, lowesha masikio kwa maji ya kawaida, na chupa ya maji yaliyoganda ikiwekwa kizimbani ataiegemea. Dume aliyepitia joto kali anaweza kupanda wiki kadhaa bila kutia mimba, na majike watalaumiwa bure.

Kizimba kiwe juu, miguu yake minne ndani ya makopo yenye oili chafu au maji, kwa ajili ya siafu. Aliyewahi kuingiliwa na siafu usiku hahitaji kuelezwa, vitoto havibaki. Nyoka, panya, paka na nguchiro wanazuiwa na waya wenye matundu madogo. Sakafu ya waya huangusha kinyesi na kupunguza koksidiosisi, lakini huchuna nyayo, basi weka ubao mmoja wa kupumzikia. Mkojo usituame chini. Mtu akiinama kizimbani na macho yakamchoma kwa harufu, sungura anaishi ndani ya moshi huo saa 24 na mapafu yake hayatadumu. Mkojo wenyewe ukiwa mzito mweupe au mwekundu usipige yowe: weupe ni chokaa anayoitoa mwilini, na wekundu mara nyingi ni rangi ya majani aliyokula. Wa kumwita mtaalamu ni yule anayejikamua na hatoi kitu.

Jike hupelekwa kwa dume, si dume kwa jike, kwa sababu jike hulinda makazi yake kwa meno. Mimba ni siku 31 hivi. Siku ya 28 weka kisanduku chenye nyasi kavu. Atajinyonyoa manyoya ya kifuani na kutandika. Vitoto huzaliwa uchi na vipofu, na macho hufunguka kwenye siku ya 10. Sasa hapa pana hofu inayoua vitoto vingi: mtu anakesha akimvizia mama, hamwoni akinyonyesha, anaamua amevitelekeza. Sungura hunyonyesha mara moja, pengine mbili, ndani ya saa 24, dakika chache tu, mara nyingi gizani. Usimshike kwa nguvu. Osha mikono, fungua manyoya, tazama matumbo ya vitoto. Kama ni ya duara, yamekaza na yana joto, vimeshiba. Kama ngozi imekunjamana na vinatambaa ovyo huku na huku, hapo ndipo kuna shida. Kilichokufa kiondolewe siku hiyohiyo. Jike anayekula watoto wake kwa kawaida alikuwa na kiu, au alitishwa na mbwa na watoto wa mtaani, au ni uzazi wa kwanza. Mpe nafasi ya pili kabla ya kumhukumu kuingia chunguni.

Kuhusu kumbeba, minadani bado tunaona sungura wananing'inizwa kwa masikio. Mifupa yake ni myepesi na misuli ya miguu ya nyuma ina nguvu nyingi mno kwa mifupa hiyo. Akipiga teke hewani makalio hayajashikwa, uti wa mgongo huvunjika. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, ubavu wake kifuani mwako.

Eneo la dawa ni la kutembea kwa tahadhari kuliko yote. Duka la pembejeo litakuuzia antibayotiki yoyote unayoitaja. Amoksilini, ampisilini, linkomaisini na klindamaisini zikipita mdomoni mwa sungura huwafyeka wale bakteria wa kwenye mfuko, na mgonjwa wa mafua anakufa kwa kuhara. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronili nayo ni sumu kwake. Ivermektini ndiyo inayotumika kwa ukurutu, ule unaoanza kama unga puani na kwenye vidole, au magamba mazito ndani ya masikio ambayo hayatakiwi kubanduliwa kwa kucha. Lakini angalia kipimo. Chupa ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa kila mililita. Sungura wa kilo 3, kwa miligramu 0.2 kwa kilo, anahitaji mililita 0.06, yaani uniti 6 kwenye sindano ya insulini ya uniti 100. Sindano ya kawaida ya ng'ombe haiwezi hata kupima kiasi hicho, na anayekadiria kwa jicho anaweza kuzidisha mara kumi. Hii ni kazi ya daktari wa mifugo. Ukurutu wa puani na vidoleni pamoja na choa huhamia kwa watu pia, kwa hiyo watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wanapotoka bandani.

Dalili ya kuamka nayo usiku ni moja. Sungura ambaye hajala kwa saa 12 na chini ya kizimba hakuna gololi mpya, au zimekuwa ndogo na ngumu, amejikunja pembeni anasaga meno, huyo hangoji kesho.

Miaka ya 2010 wimbi la sungura lilipita Kenya na kisha Tanzania, watu wakauziwa majike wa mbegu kwa ahadi kwamba vitoto vyote vitanunuliwa. Wengi walijifunza bei kabla ya kujifunza tumbo. Anayeanza leo aanze na majike wawili na dume mmoja wasio ndugu, wenye masikio safi ndani, pua kavu, makalio makavu na meno ya mbele yanayokutana. Awatenge na wengine wiki mbili au tatu. Na siku ya kununua, pamoja na sungura, amwombe muuzaji mfuko wa kilekile wanachokula pale, wa kutosha siku 10, ili akichanganye na chakula chake kipya kidogo kidogo. Kubadilisha ghafla ndiko kunakowamaliza wageni wengi wiki ya kwanza. Muuzaji akikosa jibu la wanakula nini, mwachie sungura wake.